Simu Iliyomeza Shikamoo

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, ana sauti ya kutangazia misiba. Kanisani kwetu ndiye anayesoma matangazo kila Jumapili, na sijawahi kusikia mtu akilalamika kwamba hakusikia. Kwa miaka mingi sauti hiyohiyo ndiyo ilinisomea meseji zangu. Simu ikitoa ule mlio wake, nilikuwa namwita kutoka upande wa pili wa uwanja, anakuja akijifuta mikono kwenye suruali, anakohoa, anaanza. Waliokuwa wakipepeta alizeti nyumba ya tatu walijua habari zangu kabla mimi mwenyewe sijamaliza kuzielewa.

Simsemi kwa ubaya. Presha ya macho iliponimalizia nuru, nikiwa mjane tayari, ni yeye aliyenifungia kamba kutoka mlangoni mpaka bandani kwa kuku ili nisiache kufuga. Hakuniuliza kama naitaka. Alikuja na nyundo asubuhi, akapigilia misumari, akasema, "Shemeji, shika hapa, utembee." Mtu wa namna hiyo humwambii apunguze sauti.

Lakini nina mtoto mmoja tu, binti, na mtoto mmoja ni kama jicho moja. Ni mwalimu wa shule ya msingi. Serikali ilimpangia Mitundu, na sisi tuko nje kidogo ya Kiomboi, kwa hiyo ingawa mkoa ni mmoja, safari yake si ya kitoto: unashuka Singida mjini, unatafuta gari la Itigi, halafu hapo Itigi unaiacha reli unaingia kwenye vichaka. Nyumba aliyopanga iko bondeni. Ukimpigia, sauti inakuja nusunusu, inakatika. Meseji ndiyo ilikuwa inajikongoja mpaka inafika.

Na meseji zake zilianza kunitia wasiwasi. Kila moja ilianza vizuri: shikamoo mama yangu, habari za hapo nyumbani, kuku hawajambo? Baada ya hapo, hakuna kitu. Niko salama. Nimepata mzigo. Ilikuwa kama mgeni anayesalimia mlangoni kwa kirefu halafu anaaga bila kuketi. Nikamwambia shemeji amuulize kama yuko sawa. Jibu likaja, naye akalisoma kama anavyosoma kila kitu: "Kuna jambo, mama. Nitakuambia nikija." Jioni ile majirani wawili waliniuliza ni jambo gani.

Alikuja likizo ya Juni. Kwetu mgeni aliyetoka mbali haachwi peke yake. Kumwacha peke yake ni kumwambia hatumtaki. Kwa hiyo hatukuachwa. Shangazi zake walikuja, wakakaa, wakala, wakalala naye chumba kimoja. Tukikimbilia jikoni sisi wawili, kuna "hodi". Tukienda bandani kwa kuku, kuna anayetaka kutusaidia kuokota mayai. Siku ya kuondoka, stendi ya Kiomboi, alinishika kifundo cha mkono akasema, "Mama," na mkono wake ulikuwa wa baridi. Kondakta akapiga bati la gari. Akasema, "Basi, tutaongea," akapanda.

Nilirudi nyumbani na mawazo ya kila aina. Nikawaza mimba. Nikawaza mwanaume mwenye mke wake. Nikawaza amekosana na wakubwa wake kazini. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, na mimi nilikuwa naujua bila kujua ni uchungu wa nini. Nilimpigia mpaka nikampata siku sauti yake ilipokuwa nzima. Akasema si jambo la kusemwa kwenye simu. Mwalimu mwenzake amepanga chumba cha pili na ukuta haujafika juu.

"Niandikie basi," nikamwambia.

Akauliza taratibu, "Atasoma nani, mama?"

Swali hilo ndilo lililonipeleka dukani.

Nilikuwa na simu ya vitufe, ile ya tochi, na tochi yenyewe nadhani inajulikana haikunisaidia sana. Vitufe nilivijua kwa kidole, kupiga nilipiga, kupokea nilipokea. Ila meseji ilikuwa inaingia humo na kukaa kimya. Kwamba kuna simu zinazosoma nilijua kwa sababu ya mwalimu mmoja wa Singida mjini, tuliyekutana kwenye mkutano wa watu wasioona. Yeye hajaona tangu kuzaliwa, na sisi tuliopofuka ukubwani alikuwa anatuita wahamiaji. Simu yake ilikuwa ikisema mfukoni kwa kasi hivi kwamba nilidhani kuna watu wanagombana nyuma yangu. Nilimpigia.

"Dada," akasema, "usiende kama unakwenda kununua simu. Nenda kama unakwenda kununua ng'ombe. Unamtembeza kwanza. Watakuambia habari za kamera. Kamera ya nini? Wewe sema, iwasheni ile sauti ya kusomea, hapohapo, niisikie inavyokwenda. Simu yenye kumbukumbu ndogo inaibeba ile sauti kama punda aliyezidishiwa gunia. Itafika, lakini utalala njiani."

"Na kitu kingine?"

"Tundu la hedifoni. Bila hedifoni utakuwa umemwachisha kazi shemeji yako ukaajiri mwingine."

Nilicheka, lakini nilipokata simu nikabaki na lile la shemeji. Nitamwambiaje? Majogoo niliokuwa nawaandaa kwa ajili ya Krismasi walikwenda kwa mteja wa Singida, fedha ikapatikana, nikawa sina kisingizio. Nikamwambia kwamba nataka simu ya kunisomea, nimechoka kumsumbua. Alikuwa anachonga mpini wa jembe. Nilisikia kisu kikisimama.

"Sijawahi kusema nasumbuka," akasema.

Kisu kikaendelea. Kesho yake alivaa viatu vyake vya kanisani akanipeleka Kiomboi.

Duka la kwanza, kijana muuzaji alimsalimia shemeji vizuri sana, shikamoo mzee, karibu mzee, halafu akamuuliza, "Mama anataka simu ya namna gani?"

"Mama huyu hapa," shemeji akajibu kwa sauti ya matangazo. "Muulize."

Barabara yote ilisikia. Mpaka leo namshukuru kwa jibu lile. Yule kijana akageukia upande wangu, akaanza kusifia kamera. Hii, mama, inapiga picha usiku kama mchana. Nikamwambia kwangu usiku na mchana vimeshakuwa sawa, sina haja ya kuvilipia tena. Nikamwomba afungue boksi, aiwashe, niisikie ikisoma. Akasema boksi halifunguliwi mpaka umelipa, na likishafunguliwa, simu imeshakuwa ya kwako.

"Na ikiwa haisomi?"

"Simu zote zinasoma, mama."

Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Nimeuza mbuzi maishani mwangu, najua kwa nini mtu anamweka kwenye gunia. Nikamshika shemeji kiwiko, tukatoka.

Duka la pili lilikuwa karibu na stendi, upande mmoja vitenge, upande mwingine simu, na mwenyewe alikuwa mwanamke. Alinipa shikamoo yangu kwanza, akaja upande wangu wa meza, akaniwekea kigoda. Nilipomweleza ninachotaka, hakujifanya anajua. "Hiyo sauti sijui inakaa wapi," akasema, "lakini hakuna anayenunua kitenge kwangu bila kukishika. Tuitafute." Alikuwa na simu tatu alizozifungua kwa ajili ya kuonyesha. Nikampigia yule mwalimu, tukamweka kwenye spika juu ya meza, kati ya vitenge na chaja, akaanza kuelekeza. Bonyeza vile vitufe vya kuongezea na kupunguzia sauti, vyote viwili kwa pamoja. Shikilia. Usiachie.

Simu ya kwanza ikasema kitu. Mwenye duka akashangilia, akataka kuendelea, mara akaanza kulalamika. "Imegoma! Nagusa haifunguki!"

Mwalimu alicheka mpaka spika ikakwaruza. "Haijagoma. Sasa umeingia kwetu. Ukigusa mara moja inakuambia umeshika nini. Ukiridhika, gusa mara mbili harakaharaka, inafungua. Kwetu hakuna kufungua kitu kabla hujajua ni nini."

Basi tukazitembeza zote tatu kama ng'ombe. Ile ya kwanza ilikuwa ya bei nafuu, na sauti yake ilikuwa ikipanda kila neno kama lori linavyopanda mlima Sekenke. Nagusa, nangoja, nangoja, ndipo inasema, na wakati huo kidole kimeshafika kwingine. Ya pili ilikuwa nyepesi, ikinijibu kabla sijamaliza kugusa, lakini ilikuwa laini pande zote kama yai. Tundu la hedifoni hakuna, pa kuwekea kidole ili ifunguke pako ndani ya kioo, mahali ambapo mimi nisingepajua hata kwa maombi. Ya tatu haikuwa nzuri, mwenye duka mwenyewe alisema ni nene na imepitwa na wakati. Lakini ilikuwa na kitufe cha ubavuni, kilichobonyea kidogo, unachowekea kidole ikakufungulia. Ilikuwa na tundu. Na sauti yake ilikuwa ya mwanamke anayesema Kiswahili cha vitabuni, hana harufu hata kidogo ya kwetu, ila anaeleweka na hachoki.

"Hii," nikasema.

Kidole nacho kikawa kesi. Tuliweka gumba, simu ikakataa. Tuliweka cha shahada, ikakataa. Mwenye duka akaleta maji na sabuni, nikanawa, nikakaushwa kwa kitenge kipya, ikakataa. Jembe limeifuta mistari yote. Tulipofika kidole cha mwisho, kile kidogo ambacho huwa nakiinua ninaposhika mpini, ikakubali. Mpaka leo naifungua simu yangu kwa kidole kidogo cha kushoto, kama mtu anayekunywa chai kwa maringo.

Wiki za mwanzo sitazisifia. Mikono yangu ni ya kulimia, na kioo kinataka mtu wa kupapasa kwa upole. Niligusa mara mbili pale palipotaka mara moja, nikatelezesha vidole viwili pale palipotaka kimoja. Sauti ikawa inaniambia "kitufe kisicho na lebo", "kitufe kisicho na lebo", nami namjibu kwa Kinyiramba maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilimpigia mchungaji mara mbili bila kukusudia, na mara ya pili aliniombea. Shemeji alikuwa anapita uwanjani anasikia mapambano yangu, hasemi kitu. Nilikuwa najua anangoja nimwite. Sikumwita, na iliniuma kutomwita.

Halafu meseji ya binti yangu ikaingia. Nikavaa hedifoni, nikaenda kukaa nyuma ya banda la kuku, nikaifungua mwenyewe. Ile sauti ikasema: "Niko salama. Baridi bado."

Nikangoja shikamoo.

Haikuja. Nikairudisha mwanzo, nikasikiliza tena. Nikaipitisha herufi kwa herufi kama alivyonifundisha mwalimu. Niko salama, baridi bado, kimya. Meseji ya pili ikaja baada ya siku chache: "Nimepata mzigo. Asante." Nayo vilevile. Mtoto niliyemlea mimi, mwalimu anayefundisha watoto wa watu heshima, hawezi kumwandikia mama yake bila shikamoo. Hilo halikunijia hata akilini. Kwa hiyo kosa lilikuwa la simu. Nikalifikiria vizuri nikaona ndivyo: imetengenezwa mbali, na waliko walioitengeneza hakuna shikamoo, kwa hiyo ikifika kwenye neno hilo haina pa kuliweka, inaliruka. Nilijiona nina akili sana. Nikamwambia shemeji twende Kiomboi, simu ina ubovu.

"Ubovu gani?" akauliza.

"Utausikia hukohuko."

Nikaiweka juu ya meza ya yule mama wa vitenge. "Simu yako," nikamwambia, "inameza shikamoo."

Akataka nirudie. Nikarudia. Nikamweleza kwamba meseji za binti yangu huwa zinaanza hivi na hivi, na zinauliza mpaka kuku, na tangu nianze kusomewa na simu hii, hakuna salamu. Akaichukua, akasoma kwa macho yake.

"Mama, hamna."

"Hamna nini?"

"Shikamoo hamna. Haijaandikwa. Simu imesoma kilichopo."

Nyuma yangu shemeji akakohoa. Kilikuwa kile kikohozi chake cha kabla ya matangazo, lakini safari hii tangazo lilichelewa.

"Shemeji," akasema, na kwa mara ya kwanza katika kumfahamu kwangu alisema polepole, "ni mimi. Mtoto akiandika anaandika kwa haraka, wote siku hizi ndivyo. Ningekusomea vile ilivyo, ungeona amekudharau. Nikawa naweka."

"Tangu lini?"

"Tangu akiwa chuo."

"Na kuku?"

"Na kuku."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Mwenye duka naye akacheka, na watu waliokuja kununua vocha wakacheka bila kujua sababu. Halafu katikati ya kicheko machozi yakanitoka, maana macho yangu hayaoni lakini hiyo kazi hayajaiacha. Miaka yote hiyo nilikuwa nikipewa shikamoo na mtu mzima mwenye ndevu, kila siku, kwa niaba ya mtoto, ili tu nisilale na unyonge. Sijui nani mwingine duniani amepewa heshima ya namna hiyo. Nilimwambia asante palepale, mbele ya watu, na nikamwambia nasikitika niliposema nimechoka kumsumbua. Akasema, "Nimeongeza tu, shemeji. Kupunguza sijapunguza hata neno." Namwamini.

Lakini njiani kurudi moyo ulirudi mahali pake pa wasiwasi. Ukiondoa maneno ya shemeji, binti yangu alikuwa ameniandikia nini miaka hii? Niko salama. Baridi bado. Alikuwa ameninyamazia muda mrefu kuliko nilivyodhani, na jambo lake bado lilikuwa kifuani mwake.

Mchana wa siku iliyofuata nilikwenda katikati ya alizeti, ambako hakuna wa kunisikia ila ndege. Simu hii unaiambia, nayo inaandika. Nikasema taratibu, kama mtu anayetoa ushahidi: "Mwanangu, nimenunua simu inayonisomea. Inasemea masikioni mwangu tu. Hakuna mwingine anayesikia. Nasoma mwenyewe."

Jibu lilikuja nikiwa bado nimesimama. "Kweli mama? Hata baba mdogo hasikii?"

"Hata yeye."

Siku zikapita. Niliivaa ile hedifoni mpaka masikio yakauma, nikilisha kuku, nikichambua mboga, nikikoroga uji. Nilijiambia nimechelewa, amekata tamaa ya kuniambia. Nilikuwa kwenye alizeti tena, nakata vichwa vilivyokauka, iliposema kuna meseji yake. Nikaweka kisu chini. Kidole kidogo, mara mbili, haya.

"Mama, naandikia shuleni, watoto wako mapumziko. Wanafunzi wanaokaa pembeni siwaoni nikitazama katikati ya darasa. Wananyoosha mikono nawapita, wanadhani nawabagua. Juzi nimegonga bega mlangoni, mlango wa kila siku. Sijaenda hospitali. Naogopa wataniambia. Na nilikuwa naogopa wewe utasema ni wewe umenipa. Usiseme hivyo mama. Niambie tu, kwako ilianzaje?"

Ile sauti ilisoma yote kwa mwendo mmoja, kama inasoma bei ya saruji. Haikukohoa, haikuweka neno la kunituliza. Nilishukuru kwamba haikuweka. Nilihitaji kulisikia jambo lilivyo, kwa ukali wake, siku hiyohiyo, bila mtu wa kunitazama usoni wakati nalisikia. Nilishika bua la alizeti nikaisikiliza tena. Na neno la kwanza lililonijia ni lile alilonikataza: ni mimi nimempa. Alinikataza, nikatii nusu.

Kwa sababu nililijua. Kwangu ilianza pembeni hivyohivyo. Vifaranga ndio walionishtua. Nilikuwa nawakanyaga, mimi niliyefuga tangu utoto, kwa sababu walikuwa wanakuja kutoka ubavuni nisikokuona. Haiumi. Haina machozi wala wekundu. Nikasema ni uchovu, nikasema ni jua, nikanunua miwani mnadani. Mama yangu alikuwa amekufa, na nyumbani kwetu hakukuwa na aliyewahi kuniambia kwamba bibi yangu alimaliza maisha akipapasa kuta kwa ugonjwa huohuo. Nilipofika hospitali daktari aliwasha taa yake, akaizima, akaketi. Sikuhitaji macho kujua kwa nini ameketi.

Nikaanza kumjibu. Simu ikaandika takataka tupu, maana nilikuwa nalia na simu haiandiki kilio. Nikafuta. Nikanywa maji ya chupa, nikajisafisha koo, nikaanza upya.

"Kwangu ilianza hivyohivyo, pembeni. Haiumi, ndiyo maana inadanganya. Mimi nilichelewa kwa sababu sikuwa na wa kumuuliza. Usingoje likizo. Omba ruhusa leo, panda gari. Nitakukuta Singida mjini."

Alipanda. Nami nilipanda, na shemeji akanisindikiza mpaka stendi bila kuuliza naenda kwa nani, na kwa mtu kama yeye huo ni mzigo mkubwa kuubeba. Hospitali walimpima kila jicho kwa muda wake. Daktari akasema ndiyo yenyewe, presha ya macho. Akasema kilichopotea hakirudi, asije akadanganywa na mtu kwamba kinarudi. Lakini kilichobaki ni kingi, akasema, na kinalindika: matone, kila jioni, bila kuruka, maisha yote. Akamuuliza binti yangu nani aliyemwambia awahi. Akajibu, "Mama," na nilisikia anavyonigeukia.

Nilimshukuru Mungu kwa sauti mpaka nesi akaniomba nipunguze. Nikajua ukoo wa mume wangu umeniambukiza. Na ninaendelea kushukuru, kwa sababu katika jambo hili sina namna nyingine ya kulikumbuka: yule mwalimu aliyetuita wahamiaji, yule mama wa vitenge aliyesema hajui, tutafute, hata majogoo wangu. Binti yangu alimwambia baba yake mdogo mwenyewe, kwa mdomo wake, alipokuja tena nyumbani. Shemeji alikwenda nyuma ya nyumba akakaa huko. Aliporudi aliuliza swali moja tu, hayo matone yanawekwa saa ngapi. Siku hizi barua za kanisa bado namwita anisomee, zile za karatasi, na huwa namwambia aongeze kama ataona zimepungua chumvi.

Binti yangu yuko Mitundu, anafundisha. Watoto wa pembeni amewasogeza katikati, na wengine anawatembelea kwa kuzungukazunguka darasa. Kila jua linapoelekea kuzama nakuwa bandani, naita kuku wangu waingie, hedifoni iko sikioni. Siwezi kufunga mlango mpaka niisikie ile sauti ya mwanamke wa vitabuni ikisema jina la mwanangu, halafu neno lake moja la kila siku:

"Nimeweka."